Fundi anataka kukata masega (kile kisafisha moshi cha kwenye bomba la ekzosi) ya Chaser yangu, ni kweli au naingizwa mjini?

Kijana wa Igoma

Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Chaser ya mwaka 98, bodi ya 100, injini 1JZ-GE ile isiyo na turbo, cc 2500, otomatiki. Wamarekani wana Mustang zao, sisi tuna Chaser, tusichekane. Nimeinunua mwezi wa tatu kwa jamaa wa Shinyanga, mwanzoni ilikuwa inakimbia vizuri tu, saivi imekuwa mgonjwa. Mjini haisumbui, sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) imetulia, ila nikipandisha kilima cha Bugando au nikitaka kuovateki basi huku njia ya Kisesa, mshale wa mizunguko ya injini ukifika 3000 inakuwa kama mtu kaikaba koo, nakanyaga mpaka chini inanguruma tu haiendi. Alafu kuna harufu ya mayai viza, na sakafu upande wa abiria inachemka mpaka mama watoto anavua viatu anapandisha miguu kwenye siti. Taa ya cheki injini inawaka siku mbili inazima yenyewe.

Nimempelekea fundi mmoja Nyakato, akaingia chini dakika moja tu akatoka anasema masega yameziba, dawa ni kukata, tunatoa na mafla ya katikati (kopo la kupunguza mlio), tunachomelea bomba la inchi 3 mpaka nyuma, gari itakuwa nyepesi, itakula mafuta kidogo na mlio utaupenda. Laki mbili na nusu. Yale masega amesema nisihangaike nayo, atanisaidia kuyatupa.

Mlio nautaka kweli sikatai, nimeangalia video nyingi sana za Mustang YouTube. Ila roho inasita. Waliowahi kukata nisaidieni.

Sangara Mkavu

"Atanisaidia kuyatupa" 😂😂 mkuu rudia kusoma hiyo sentensi yako taratibu. Kuna watu wanazunguka mitaani wanayanunua hayo, mle ndani kuna platinamu. Hakuna fundi Mwanza nzima anayetupa masega.

Altezza ya Kirumba

Mimi nilikata mwaka juzi kwenye Altezza na nikapiga hiyo hiyo inchi 3 kwa sababu niliambiwa kubwa ndo nzuri, wiki ya kwanza nilikuwa najisikia mfalme, napita mnara wa samaki makusudi mara tatu tatu, wiki ya pili nikaanza kugundua mambo. Kwanza gari ukiondoka kwenye taa imekuwa nzito, inakuja kuamka juu huko 5000, sasa mjini nani anaendesha 5000? Pili mafuta hayakupungua hata lita, nadhani yaliongezeka maana kila saa nakanyaga nisikie mlio. Tatu ukitoka safari ndefu kichwa kinavuma, ukifika 100 kwa saa kuna mngurumo unakaa ndani ya gari kama uko kwenye pipa, mama mkwe wangu yuko Bunda anasema akinisikia anasonga ugali, nikifika umeiva.

Lakini iliyonifanya nirudi nyuma ni nyingine. Ile sehemu waliyochomelea ilipasuka kidogo karibu na gia boksi, sikujua, tukaenda Magu na watoto wawili siti ya nyuma vioo vimefungwa kwa vumbi, kufika wote wanalia kichwa kinauma na mdogo anatapika. Nikadhani malaria. Kupima hamna kitu. Baadaye fundi mwingine ndo akaniambia ni moshi, raba ya buti nayo ilikuwa imeliwa, na ile hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi haina harufu na masega ndo huwa yanaipunguza sasa mimi nilikuwa sina. Tangu siku hiyo nimerudisha kila kitu. Mlio sina, watoto ninao.

Mzee wa Spana

Mwadila vijana. Nimeshika spana tangu enzi za kabureta, naomba niseme kidogo.

Wewe wa Igoma dalili zako ni za njia ya moshi kuziba, hapo fundi wako huenda hajakosea. Ila alipokosea ni kukata kabla ya kuuliza kwa nini yameziba. Masega hayafi yenyewe. Ni kipande cha udongo wa kuchomwa, kina vitundu vidogo kama sega la nyuki, gari nyingi ni kama 400 kwenye inchi moja ya mraba, vimepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kikifanya kazi yake kwenye injini nzima kinafikisha kilomita laki na ushee bila taabu. Kinachokiua ni vitu vitatu: oili inayopita ringi au sili za valvu, mafuta yanayoingia kwa wingi kuliko yanayoungua, na injini inayomisi. Piston moja isipochoma, petroli mbichi inaenda kuungulia kwenye masega, joto linapanda mpaka ule udongo unayeyuka. Harufu ya mayai viza na sakafu kuchemka vinaniambia mafuta yamezidi. Ukikata leo ukaacha hilo, umempa mgonjwa wa TB dawa ya kikohozi.

Pima hivi. Injini ikiwa ya baridi fungua sensa ya oksijeni ya mbele, kabla ya masega. Iangalie rangi kwanza. Ikiwa nyeusi ya masizi, mafuta yamezidi. Kwenye lile tundu fundi mwenye geji ya presha aifunge, washa gari iache ipate moto. Sailensa isizidi kama psi 1.5 (psi ni kipimo cha presha), ukipeleka 2500 isivuke 3. Ikivuka, pameziba. Kama hamna geji acha tundu wazi uendeshe mita mia tano hivi, itapiga kelele kama trekta, ikirudisha nguvu umepata jibu. Usiende mbali, moto unaotoka hapo utakuunguzia waya. Na ugonge masega kwa nyundo ya raba, yakilia kama njugu ndani ya kopo yamevunjika.

Inchi 3 achana nayo. Injini yako kiwandani ilitangazwa farasi 200, na hapa kwetu tuko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 kabla hujafanya lolote. Bomba likiwa pana mno moshi unapoa na kupungua mwendo, unapoteza nguvu za chini kama huyo wa Altezza. Inchi mbili na robo, ukizidi sana mbili na nusu. Ukitaka mlio cheza na mafla ya nyuma tu, masega na ya katikati viache.

Mtoto wa Mwanza Texas

Naongezea la Mustang. Mkuu Mustang za miaka ya 60 hazikuwa na masega kabisa, hakuna cha kukata, masega yalianza kuwekwa kwa wingi huku Marekani kwenye gari za modeli ya 1975 baada ya ile sheria ya hewa safi ya 1970, na gari ya barabarani iliyokuja nayo kuyatoa ni kosa. Wanaotaka wepesi wanafunga yale ya vitundu 200 badala ya 400. Na ule mlio wa kudunda unaousikia kwenye video ni V8, yaani piston nane, nne kila upande, piston zinawaka kwa mpangilio wake usio sawa pande mbili. Wewe una sita za mstari, hata ukate mpaka bampa utapata mlio wa kupiga filimbi nzito, mzuri tu wa kwake, ila V8 hutaipata.

Kijana wa Igoma

Shikamoo mzee wangu, wabeja sana. Kumbe nilikuwa natafuta V8 kwenye sita za mstari 😅 Swali, nikikuta yameziba kweli naweza kutoboa tu yale ya ndani nikaacha kopo lake? Kuna mtu kaniambia na nondo inatosha.

Mzee wa Spana

Marahaba. Na nondo? Vipande vinaenda kukaa kwenye mafla, utaziba mara ya pili mbele kidogo. Na tatizo la mafuta liko pale pale. Anza na plagi na koili, usiku, boneti wazi, taa zimezimwa, uone kama kuna cheche inavuja.

Altezza ya Kirumba

Hiyo ya usiku ifanye kweli, ni bure.

Kijana wa Igoma

Wakuu mrejesho, samahani nilipotea wiki mbili.

Nilifanya ile ya usiku nyumbani. Nimefungua boneti, dogo kakaa kwenye usukani anakanyaga kidogo kidogo, mimi nimeinama pale mbele giza totoro. Koili moja ilikuwa imepasuka pembeni, cheche ya buluu inaruka inaenda kupiga kichwa cha injini, tik tik tik, nilitazama kama dakika nzima kama mtu anaangalia sinema. Kumbe ilikuwa inamisi muda wote na mimi naona sailensa imetulia! Sensa ya oksijeni kuifungua nyeusi tititi, ukiigusa inakuacha na kidole cheusi. Tukafunga geji (sio kwa yule fundi, nimemhama), sailensa psi 2, kupeleka 2500 ikapanda mpaka 6 tukazima.

Kuyafungua masega uso wa mbele umeyeyuka nusu nzima, unang'aa kama sukari guru iliyoungulia chini ya sufuria, vitundu vimebaki upande mmoja tu. Nimebadili koili, plagi zote sita, sensa, nikapata masega ya Cresta iliyogongwa yenye injini hii hii, tumeyamulika na tochi kwanza upande wa pili mwanga unapita wote. Jumla imenitoka laki nne na sitini, kuliko ile laki mbili na nusu ndiyo, naumia, lakini jumamosi nimepita daraja la Kigongo-Busisi naenda Sengerema, kupandisha kule ng'ambo mshale umepita 3000, 4000, 5000 bila kukabwa, na mama watoto kavaa viatu safari nzima. Mafla ya nyuma nitabadili mwisho wa mwezi, mlio lazima.

Kitu kingine. Yale mabovu niliyachukua nikaweka stoo. Jana yule fundi wa Nyakato kanipigia simu, sijui namba yangu aliihifadhi vipi, salamu ndeeefu, familia haijambo, kazi zinaendaje, mwisho ananiuliza yale masega nimeyapeleka wapi maana kapata mtu.

Sangara Mkavu

Mwambie umeshamsaidia kuyatupa.