Majirani Kirumba, Mwanza: sinema ya uwanjani

*Mama Neema:* Habari za jioni majirani. Kiangazi ndiyo hiki, mvua hakuna. Ile sinema ya uwanjani tunaifanya lini? Shija kasema projekta ipo.

*Shija:* Ipo mama, na sabufa mbili. Naona Jumamosi hii. Mwezi haupo, giza totoro, picha itatoka safi.

*Baba Kulwa:* Hapana mdogo wangu. Giza ndiyo kazi yetu sisi wa dagaa, Jumamosi tuko majini. Subirini mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inalala, tuko nyumbani. Kila mkionyesha sinema sisi hatupo, watoto ndio wanatusimulia asubuhi. Inauma.

*Bi Zuhura:* Pole baba Kulwa, umesema kweli. Na mwezi ukiwa mchanga ndipo wale wadudu wa ziwani wanapoibuka kama moshi. Wakiiona ile taa watatujaa mdomoni!

*Shija:* Lakini mbalamwezi itafifisha picha jamani.

*Mzee Magesa:* Shija, mwezi mpevu unachomoza mashariki jua likizama. Kitambaa cha picha kiupe mwezi mgongo, watu wakae ziwa likiwa nyuma yao. Nyuma ya kitambaa tandaza turubai jeusi, mwanga usipenye. Na anza saa mbili, mwezi bado uko chini.

*Shija:* Shikamoo mzee. Hilo sikuliwaza.

*Mzee Magesa:* Marahaba. Miaka ya 70 nilikuwa Dar, tukienda Drive-in, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa. Filamu ya nje ina raha yake, unacheka na watu usiowajua.

*Bi Zuhura:* Unguja nao tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, watu wanakaa Ngome Kongwe, juu ni mbingu tu. Nililia pale, na jirani yangu analia.

*Mama Neema:* Basi tumekubaliana, mbalamwezi. Upepo je? Mara ya mwisho kitambaa kilivimba mpaka nyuso zikapinda.

*Baba Kulwa:* Msikikaze kwa kamba tupu. Kateni tyubu za baiskeli, kila pembe na katikati, mfunge hizo kwanza halafu kamba. Upepo ukija zinavutika, ukipita zinarudi. Nguzo nitaleta mimi.

*Mama Neema:* Asante sana. Kesho napita kwa mwenyekiti wa mtaa, halafu kwa afisa utamaduni kuulizia kibali. Sheria ya filamu ipo tangu 1976, tusije tukafungiwa katikati ya picha na watoto wamekaa.

*Bi Zuhura:* Filamu iwe ya Kiswahili tafadhali, au iliyotafsiriwa. Mama mkwe hasomi yale maandishi ya chini, na safari hii nataka aielewe mwenyewe, asiulize ulize.

*Shija:* Sawa shangazi. Nitaleta tatu, wazee mchague.

*Baba Kulwa:* Mahindi ya kuchoma juu yetu sisi wavuvi. Mkaa nani ana gunia?

*Mama Neema:* Ninalo nusu. Njoo ulichukue.