Matendo 27: Merikebu ya Paulo ilifikaje Melita badala ya Sirti?

Mchora_Ramani
Wakuu, naandaa ramani ya safari ya Paulo kwenda Rumi, na hapa Krete imenigomea. Eurakilo, tufani iliyowakumba, ni upepo wa kaskazini-mashariki. Chombo kikiwa karibu na Kauda, kisiwa kilicho kusini mwa Krete, ulipaswa kukisukuma moja kwa moja hadi Sirti, yale mafungu ya mchanga ya Libya. Siku 14 baadaye wako Melita (Malta ya leo), magharibi! Halafu, kwa nini nanga nne zilitupwa tezi (nyuma ya chombo) na si omo (mbele)? Na bahari ya "Adria" inatafuta nini huko kusini?

Joshi_na_Demani
Wangeuachia upepo uwapige tezini, ndiyo, wangeishia Sirti. Ndiyo maana mstari wa 17 unataja hofu ya Sirti na kushusha matanga pamoja. Luka, mwandishi wa Matendo, hasemi omo ilielekea wapi, lakini njia pekee inayoleta maana ni hii: omo ielekezwe kaskazini kadiri inavyowezekana, ubavu wa kulia uwe joshini (upande unakotoka upepo), kibaki kitambaa kidogo tu cha kutuliza chombo. Hapo merikebu haiendi mbele, inasogea kiubavu-ubavu kuelekea magharibi.

Piga hesabu. Kauda hadi Melita ni kama maili 476 za baharini. Gawa kwa siku 14, unapata maili 34 kwa siku, yaani chini ya maili moja na nusu kwa saa. Kwa chombo kizito cha nafaka kinachoburutwa na tufani, kasi hiyo ni ya kawaida kabisa.

Usiruke suala la kamba. Merikebu zile mbao zake ziliunganishwa ubao kwa ubao kwa ndimi na matundu, na mlingoti mkubwa ulikuwa mmoja. Mawimbi yakiuyumbisha, uzito wote unaifungua miungano ya chini na maji yanaingia. Ndipo wakapitisha kamba chini ya chombo na kuzikaza. Kazi hiyo, pamoja na kuipandisha mashua iliyokuwa ikivutwa nyuma, waliifanya walipopata kinga ya Kauda. Nje ya kinga hiyo isingewezekana.

Bildi20
Nanga sasa. Ni usiku wa manane, mabaharia wanahisi nchi kavu iko karibu. Wanapima kina: pima 20, karibu mita 37. Mbele kidogo, pima 15, karibu mita 28. Kina kinapungua haraka na giza ni totoro.

Ukitupa nanga za omo, chombo kinageuka: omo inaukabili upepo na tezi inaelekea miambani. Asubuhi utalazimika kukigeuza tena ndani ya mawimbi, na hapo ndipo vyombo hupinduka. Nanga za tezi zinakiacha omo ikiwa tayari imeelekea nchi kavu. Ndiyo maana wale mabaharia waliojidai wanakwenda kutupa nanga za omo walishukiwa mara moja.

Kulipokucha mpangilio ulikuwa mzuri sana: nanga zikaachwa baharini, kamba za sukani zikalegezwa (yalikuwa makasia makubwa mawili, moja kila upande wa tezi, yakifungwa juu wakati wa kutia nanga), likatwekwa tanga dogo la mbele. Ngano ilikwisha kutupwa ili chombo kielee juu zaidi na kifike karibu na ufuo. Kilichowaponza ni fungu lililokutanisha bahari mbili: omo ikazama ikakwama, tezi ikavunjwavunjwa na mawimbi. Watu 276, wote wakafika pwani.

Mchora_Ramani
Shukrani. Bado Adria. Na kwa nini waliondoka Bandari Nzuri, kule Krete, ilhali msimu wa kusafiri ulikuwa umepita?

Joshi_na_Demani
Adria ya watu wa kale ilishuka hadi bahari iliyo kati ya Krete na Sisilia, si ghuba ya leo peke yake. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, naye chombo chake kilizama katika Adria hiyohiyo akielekea Rumi, kikiwa na watu wapatao 600.

Kuhusu msimu: Warumi walihesabu bahari kuwa ya hatari baada ya katikati ya Septemba, na imefungwa kuanzia 11 Novemba hadi 10 Machi. "Mfungo" wa mstari wa 9 ni Siku ya Upatanisho. Kwa wanaoiweka safari mwaka 59, ni mwanzoni mwa Oktoba. Bandari Nzuri haikufaa kupitisha baridi, na Foinike, bandari nyingine ya Krete, ilikuwa mwendo mfupi tu kando ya pwani hiyohiyo. Upepo mwanana wa kusini ukawadanganya. Msiufananishe na kusi yetu inayoshika miezi. Kule hugeuka ndani ya saa chache.

Bildi20
Onyo la Paulo pale halikuwa la mtu wa bara. Katika 2 Wakorintho 11:25, barua ya kabla ya safari hii, anasema amekwisha vunjikiwa jahazi mara tatu. Melita ni ya nne, kwa hiyo usiandike "ya kwanza" kwenye ramani. Na baada ya miezi mitatu badilisha rangi ya mstari: kutoka Melita wanapanda merikebu nyingine ya Iskanderia, Sirakusa siku tatu, Regio, kisha Puteoli, bandari ya Italia. Kuanzia hapo ni barabara hadi Rumi.