Jenomu ya binadamu ilikamilika mara ngapi?

Mdadisi
Wakuu, naomba kueleweshwa. Shuleni tuliambiwa mradi wa kusoma jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ulikamilika 2003. Juzi nasoma makala, wanasema jenomu kamili ilipatikana 2022. Nikafungua nyingine, eti kromosomu Y ilimalizika 2023. Ipi ndiyo ipi? Na kama kweli imekamilika, mbona binamu yangu kapimwa jeni za saratani akaletewa majibu ya "badiliko ambalo maana yake haijulikani"?

Kibogoyo
Umeisahau 2000, mkuu. Juni mwaka ule Rais Clinton wa Marekani na Waziri Mkuu Blair wa Uingereza walitangaza kwa mbwembwe, na ilikuwa rasimu tu 😀

FundiData
Kazi yangu ni kuchambua data za jenomu, ngoja nijaribu.

Ya 2003 haikuwa uongo, ila neno "kamili" lilibebeshwa mzigo. Asilimia 8 hivi ilikuwa haijasomwa, na sababu si uvivu. Hakuna mashine inayosoma kromosomu kutoka ncha hadi ncha. DNA, ambayo ni mlolongo wa herufi nne (A, C, G na T), inakatwakatwa, vipande vinasomwa, kisha kompyuta inaviunga kwa kuangalia mahali vinapofanana. Mashine zilizotamalaki baadaye zinatoa vipande vifupi zaidi, kama herufi 150 tu.

Sasa nenda kromosomu ya 9. Kuna eneo lenye zaidi ya herufi milioni 20 ambalo karibu lote ni CATTCCATTCCATTC, na kuendelea. Nipe kipande cha herufi 150 kutoka humo, uniambie kinakaa wapi. Popote! Kompyuta haina pa kushika. Katikati ya kila kromosomu nako kuna marudio ya herufi 171 yaliyopangana maelfu kwa maelfu. Sehemu hizo ziliachwa wazi, zikajazwa herufi N, na sisi tukazoea kuzipita kana kwamba hazipo.

Kilichobadilisha mambo ni vipande virefu. Teknolojia ya Oxford Nanopore inapitisha uzi wa DNA kwenye tundu dogo mno na kupima mabadiliko ya umeme. Inaweza kusoma herufi zaidi ya 100,000 kwa mkupuo, ingawa mwanzoni makosa yalikuwa mengi kweli. Kampuni ya PacBio wao wanatoa vipande vya herufi 20,000 hivi, vyenye usahihi wa karibu asilimia 99.9. Kundi la watafiti la T2T (Telomere-to-Telomere, yaani ncha hadi ncha) liliunganisha nguvu za hizo mbili, likaongeza karibu herufi milioni 200; hiyo ndiyo ya 2022.

Halafu walicheza karata moja ninayoipenda sana. Mimi na wewe tuna nakala mbili za kila kromosomu, ya mama na ya baba, na kuzitenganisha ni kazi ngumu. Wao walitumia seli zilizotokana na mimba zabibu, yaani mimba isiyo ya kawaida ambayo haikui kuwa mtoto, ambamo DNA yote ya kromosomu imetoka kwa baba na kujirudufu, kwa hiyo nakala mbili zinakaribia kufanana kabisa. Mbegu hiyo ya baba ilibeba X. Ndiyo maana Y haikuwemo 2022, ikabidi isomwe kutoka kwa mtu mwingine: herufi milioni 62, zaidi ya nusu zikiwa hazimo kwenye rejea ya zamani, yaani jenomu ya mfano ambayo nyingine hulinganishwa nayo.

Mdadisi
Aisee, nimekupata. Na la binamu?

FundiData
Hapo ndipo penye kazi hasa. Kusoma tumeweza, kutafsiri bado. Ukilinganisha mtu yeyote na jenomu ya rejea, unakuta tofauti milioni 4 hadi 5, na nyingi hazimdhuru. Kujua ipi ina madhara, lazima uangalie imeonekana kwa watu wangapi, wagonjwa na wazima. Na data tulizonazo zimetoka zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Utafiti wa H3Africa, mradi wa kuchunguza jenomu na afya za Waafrika, uliochapishwa 2020 ulisoma jenomu za watu 426 tu wa Afrika, ukakuta tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazijawahi kuripotiwa. Asili yako ikiwa haijawakilishwa, uwezekano wa kupewa jibu kama la binamu unapanda. Rejea yenyewe iliyotumika miaka yote, asilimia 70 hivi imetoka kwa mtu mmoja! Rejea ya pamoja ya 2023, inayounganisha jenomu za watu wengi, ilianza na watu 47. Ni hatua, lakini 47 ni wachache mno.

Nesi_Mstaafu
Mdadisi, mwambie binamu asikubali upasuaji wa kuzuia saratani kwa sababu ya jibu hilo pekee. Jibu la namna hiyo halitumiki kuamua matibabu. Madaktari wanaangalia historia ya ugonjwa kwenye ukoo. Aulize kama wazazi wanaweza kupimwa badiliko hilohilo, na aombe majibu yapitiwe upya baada ya muda. Yanayopitiwa na kubadilishwa, mengi huishia kuonekana hayana madhara.

Mdadisi
Nimemtumia sasa hivi. Mama yake yupo, atapima.

Kibogoyo
FundiData, hizo N bado mnazipita?

FundiData
Maabara nyingi bado zinatumia rejea ya zamani, maana kumbukumbu zote za wagonjwa zimejengwa juu yake. Kwa hiyo ndiyo, kila siku 😅