Mjadala: Kwenye milima ya Bukavu, mhandisi atangulize jicho au hesabu?

Ndugu wachangiaji, hoja iliyo mezani ni kwamba kijana anayetoka chuo kikuu akiwa hodari wa hesabu huchelewesha kazi, na kwamba hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, afadhali ujenzi uongozwe na mtu mwenye jicho, yaani yule ambaye akishakanyaga kiwanja tu anajua msingi uende chini kiasi gani. Waliompinga mtoa hoja wamejibu kwamba uhandisi ni hesabu, na hisia zibaki kwa wasanii. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinabishania tabia za watu, wakati jambo la kuulizwa ni hili: hilo jicho limefunzwa na nini?

Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili waliokuwa na misimamo tofauti, Daniel Kahneman aliyezitilia shaka hisia za wataalamu na Gary Klein aliyezithamini baada ya kuwachunguza makamanda wa zimamoto, waliandika makala ya pamoja wakakubaliana juu ya masharti mawili. Hisia ya mtaalamu huaminika pale ambapo mambo hujirudia kwa utaratibu, na pale ambapo anayekisia hupata jibu la kisio lake mapema na mara nyingi. Yasipokuwepo hayo, uhakika anaousikia mtu moyoni hauthibitishi lolote, hata akiwa na mvi kichwa kizima.

Sasa tuingie kwenye shantie, yaani kiwanja cha ujenzi. Fundi anayekoroga beto (zege) kwa koleo anajua kwa mkono wake kama mchanganyiko utapenya vizuri kati ya vyuma, na jibu hulipata papo hapo, kwa hiyo katika hilo mimi humsikiliza yeye kabla ya karatasi. Lakini mkono huohuo humfundisha kuongeza ndoo ya maji, kwa sababu beto yenye maji mengi hutiririka yenyewe na haichoshi. Mtafiti wa beto Duff Abrams alionyesha huko Chicago mwaka 1918 kwamba kadiri maji yanavyozidi kulingana na saruji, ndivyo nguvu ya beto inavyopungua. Na nguvu hiyo kwa kawaida hupimwa baada ya siku 28, kwa kukandamiza kipande mashineni hadi kivunjike. Mahali ambapo hakuna kipande kinachopelekwa mashineni, fundi amepata jibu la haraka, lakini ni jibu la swali jingine, na miaka yake ya kazi imemwongezea ujasiri bila kumsahihisha.

Kwenye udongo wetu hali ni ngumu zaidi. Mtaa wa Funu umekaa juu ya mteremko mkubwa unaoshuka polepole pamoja na nyumba zake, na watafiti waliolinganisha picha za angani za miongo mingi wameona kwamba mwendo huo uliongezeka kasi kadiri mji ulivyopanuka, huku maji yanayopenya ardhini kutoka mabombani na kwenye mifereji yakitajwa miongoni mwa sababu. Anayejenga hapo Julai, kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama tofali, huondoka na malipo yake akiwa na hakika kwamba msingi ni mzuri. Nyufa hutokea baada ya misimu kadhaa ya mvua, naye yuko kiwanja kingine. Vivyo hivyo tetemeko lililotikisa Bukavu tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9: jambo linalokuja kwa nadra namna hiyo haliwezi kulifunza jicho la mtu yeyote. Hapo pasipo vipimo na hesabu tunacheza na maisha ya familia za watu, na nasema hivyo bila kupunguza makali.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaotaka hesabu peke yake. Tarehe 23 Agosti 1991 huko Norway, msingi wa beto wa Sleipner A, jukwaa la baharini la kuchimba gesi, ulizama wakati wa majaribio ya kuushusha majini, kwa sababu vipande ambavyo kompyuta iligawa muundo ili kuupigia hesabu vilikuwa vikubwa mno, na nguvu ya kukata, yaani ile inayotaka kuukata ukuta, ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Baadaye hesabu ya kompyuta iliyofanywa kwa uangalifu zaidi ilionyesha kwamba ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62 za maji. Ulikuwa umevunjika kwenye mita 65. Mtu aliyezoea kukadiria angeshtuka alipoiona ile namba ya kompyuta. Kushtuka huko ni sehemu ya kazi, na hakupatikani kwa kuzaliwa nako.

Ndiyo maana ningewaomba vijana wanaoanza kazi wasiulizane nani ana kipaji cha aina gani. Kabla hujafungua programu, andika kwa kalamu ukubwa wa nguzo unaoutarajia, kisha piga hesabu, kisha tafuta sababu ya tofauti. Ukuta ukipasuka, paka kiraka cha plasta juu ya ufa, andika tarehe juu yake, urudi baada ya mvua: kiraka kikikatika, ufa bado unatembea. Ni kazi ya dakika chache na haihitaji mashine, lakini humpa mhandisi lile jibu ambalo mteremko ulikuwa unamficha, na mwenye daftari lililojaa majibu ya namna hiyo ndiye ningempandisha cheo.

Wanaotetea jicho peke yake ningependa watuambie hapa: katika nyumba mlizojenga kwenye miteremko ya Kadutu na Bagira hapa mjini, ni zipi mlizorudi kuzikagua baada ya miaka mitano, na mlikuta nini kwenye kuta?