Ng'ombe kwa wanaume, masufuria kwa wanawake: zawadi ziwe sawa au la?

Binti Uyole: Wakuu, naomba tulijadili hili. Bonanza la kata yetu hapa Mbeya, mwezi wa 7, mabingwa wa soka wanaume walikabidhiwa ng'ombe. Sisi mabingwa wa mpira wa pete tukapewa seti ya masufuria. Fainali yetu ilipangwa saa 1 asubuhi. Mnaijua baridi ya Uyole mwezi huo: vidole vimekufa ganzi, mpira unaudaka huusikii mkononi. Mistari ya uwanja tulichora wenyewe kwa majivu. Saa 10 jua limechangamka, watu wamejaa, ndipo wanaume wakaingia. Mimi nasema zawadi ziwe sawa. Nyie mnasemaje?

Mnyalu wa Kihesa: Kamwene dada. Kwa ratiba mlionewa, hilo halina ubishi. Ila zawadi hufuata watazamaji. Mdhamini anaweka hela yake penye macho ya watu. Jengeni mvuto kwanza, ng'ombe atakuja. Hakuna aliyewazuia.

Binti Uyole: Kaka yangu, hapo pa "hakuna aliyewazuia" ndipo tunapoachana. Tarehe 26 Desemba 1920, huko Uingereza, timu ya wanawake wa kiwandani iliyoitwa Dick, Kerr Ladies ilicheza uwanja wa Goodison Park mbele ya watu wapatao 53,000. Maelfu wengine wakakosa nafasi, wakabaki nje. Hata mwaka haujaisha, Desemba 1921, chama cha soka cha kule, FA, kikazikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, eti mchezo huo hauwafai. Katazo likadumu karibu miaka 50! Mvuto ulikuwepo, kaka. Ulifungiwa geti, halafu vizazi vilivyofuata vikaambiwa soka la wanawake halina watu.

Na sisi hapa je? Theresia Dismas alituletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kwenye Michezo ya Afrika, Brazzaville, mwaka 1965, wakati nchi bado changa kabisa. Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Taifa Stars tunawapenda, lakini Kombe la Dunia hawajalikanyaga.

Tena yule ng'ombe hakutoka kwa mdhamini. Kila kaya ilichangishwa elfu mbili. Mama yangu alitoa ya kwake akiwa mezani kwake sokoni, anapanga viazi.

Mnyalu wa Kihesa: Kumbe ni michango ya kaya? Basi hapo nimekuelewa, hela ya wote haigawanywi hivyo. Ila mdhamini akija na hela yake mfukoni bado nasema achague mwenyewe.

Binti Uyole: Achague, lakini atukute wote tunacheza saa 10. Akishatuona ndipo achague.