Ramani ya hatari ya Nyiragongo: chifu anataka duara, mimi nasita

Jirani_Majengo: Jamani habari. Natengeneza ramani ya hatari ya volkano ya Nyiragongo kwa mtaa wetu wa Majengo, Goma, kwa QGIS, ile programu ya kuchora ramani. Chifu wa avenyu anataka duara tatu kuzunguka kreta, yaani shimo la kileleni, nyekundu, chungwa na njano, kila mtu aone nyumba yake imeangukia wapi. Kuzichora ni dakika mbili tu. Ila mwaka 2021 lava ilikuja kusimama Buhene, hapo jirani, na tangu hapo siziamini duara. Data za mwinuko ninazo, za SRTM, zilizopimwa kutoka angani, kila kipande mita 30. Nianzie wapi?

Mpima_Ardhi: Achana nazo. Kreta iko juu, karibu mita 3,470, lakini lava inayofika mjini hutokea kwenye nyufa za ubavuni. Mwaka 2002 nyufa zilishuka hadi Munigi, pembeni kabisa mwa mji! Chora kwanza nyufa za 1977, 2002 na 2021. Kisha weka Q-LavHA, programu ndogo ya kukisia njia za lava, ndani ya QGIS: unaionyesha lava inaweza kutokea wapi, nayo inaifuatisha mteremko mara nyingi na kukupa uwezekano kwa kila kipande cha ardhi. Angalia tu, SRTM ilipimwa Februari 2000. Lava iliyofunika katikati ya Goma 2002 haimo, wala ya 2021. Kijibonde unachokiona kwenye kompyuta huenda kimeshajaa mawe.

Mama_Ndosho: Na mazuku je? Huku kwetu hewa hiyo inaua hata mlima ukiwa kimya. Ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa ya kawaida, inatuama mashimoni, hasa alfajiri kabla ya upepo. Usiichanganye na rangi za lava. Zunguka na simu yenye GPS, uwaulize wenyeji mbuzi wanafia wapi.

Jirani_Majengo: Asante mama, mazuku nitayapa alama zake. Nimejaribu Q-LavHA. Sasa chifu anang'aka: nyumba yake nyekundu, ya shemeji yake aliye karibu zaidi na mlima njano! Nimemwambia amuulize mteremko. Barabara nazo niziweke? Mwaka 2021 lava ilikata ile ya Rutshuru, usiku ule watu wakavuka mpaka na kumiminika Gisenyi, Rwanda, na Mei 27 sisi wa Majengo tukaamriwa kuhama, wengi tukaelekea Sake.

Mama_Ndosho: Weka zote, ya Sake na ya mpakani. Na kwenye ya Sake onyesha mazuku yaliyo kando yake, maana watu wakichoka watalala popote.