Hilux 3L inalegea mlimani, nataka kubadilisha filta ya dizeli mwenyewe nyumbani. Naombeni ushauri

VitunguuMbuyuni
Wakuu habari za jioni. Nina Hilux ya 1996, injini ya dizeli aina ya 3L, nabebea vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kuleta Iringa mjini. Wiki ya tatu sasa gari imenibadilikia. Tambarare inakimbia vizuri, na ikiwa imesimama inaunguruma bila shida. Nikianza kupanda Kitonga na mzigo, kwenye zile kona inalegea kama mtu aliyeishiwa pumzi. Nakanyaga mafuta, haiitikii. Juzi ilizima kabisa, nyuma yangu malori mawili. Tuliweka mawe kwenye matairi, nikakaa kama dakika 20, nikapiga selfu ikawaka. Haikufika mbali ikarudia yaleyale.

Fundi mmoja anasema ni pampu, ishushwe ikapimwe. Mwingine anasema filta ya dizeli imeziba. Hela ya kushusha pampu sina, kwa hiyo nataka nianze na filta, na niifanye hapa nyumbani Jumamosi. Sijawahi kuigusa, na haijabadilishwa tangu ninunue gari, mwaka na nusu. Ninaogopa jambo moja: naambiwa ukifungua filta ya dizeli hewa inaingia na gari haiwaki tena. Ni kweli?

MzeeWaDizeli
Pole sana mkuu, kuzimikiwa Kitonga na mzigo ni hatari kubwa. Pampu iache kwanza. Niambie, inapolegea inatoa moshi gani? Moshi mweusi mzito maana yake mafuta yanafika ila hewa haitoshi, hapo ungeangalia filta ya hewa. Ikilegea bila moshi, mafuta ndiyo hayafiki.

Hiyo ya kuwaka tena baada ya kupumzika inaniambia mengi. Filta iliyoziba bado inapitisha kidogo kidogo, na injini ikiwa haina kazi kidogo hicho kinatosha. Mlimani inataka mengi kwa mara moja, hayapo. Ukisimama yanajipenyeza taratibu, unapata mita mia chache, yanaisha tena.

Ikizima tena, fungua kifuniko cha tanki usikilize. Kikivuta hewa kwa sauti, tundu la kupumulia limeziba, na dalili zake ni hizohizo.

VitunguuMbuyuni
Moshi hakuna mzee wangu. Kifuniko nimejaribu leo nikitoka Mbuyuni, kimya. Ila kuna taa ya njano kwenye dashibodi, alama kama kikombe kinachodondosha matone, inawaka na kuzima. Nilidhani ni waya. Na nikiwa Mbuyuni usiku huwa naongeza mafuta ya kidumu.

DadaSpana
Kaka, hiyo taa si waya. Ni maji ndani ya filta. Dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo maji yanakaa chini, na pale chini kuna kihisi chenye boya. Maji yakipanda, boya linapanda, taa inawaka. Usiipuuze hata siku moja zaidi, maana pampu ya 3L inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Maji yakifika huko, vyuma vinasagana, na hapo ndipo utalipa hela ya pampu kweli.

Kazi yenyewe unaiweza. Nimeifanya mara nyingi kwenye gari ya baba. Weka gari mahali pa wazi, mbali na jiko la mkaa, injini iwe imepoa. Ukifungua boneti utaona filta kama kopo limening'inia, na juu yake kitufe kikubwa cheusi cha kubonyeza. Hicho ni pampu ya mkono, na ndicho jibu la hofu yako ya hewa. Kabla ya kufungua chochote futa kichwa cha filta na pembeni yake kwa kitambaa safi, vumbi la barabara lisidondokee ndani.

Chomoa plagi ya waya chini ya filta, weka chupa iliyokatwa, legeza koki ya chini umwage. Kinachotoka usikitupe, kiache kwenye chupa ya kupitisha mwanga ukiangalie. Kisha fungua filta kwa mkono; ikigoma tumia mkanda wa kufungulia filta za oili. Kile kihisi cha chini unakihamishia kwenye filta mpya, na oringi yake uweke mpya. Ni cha plastiki, ukikikaza kwa nguvu kinapasuka. Paka dizeli kidogo kwenye mpira wa filta mpya, kaza kwa mkono mpaka mpira uguse, halafu ongeza robo tatu ya mzunguko. Usitumie spana.

Sasa bonyeza kile kitufe. Mwanzoni ni chepesi, hakina kitu. Endelea, hata mara mia, mpaka kiwe kigumu kama kinakusukuma. Hapo hewa imeisha na filta imejaa.

KibaoNjia
Mimi filta huwa siibadilishi, naiosha na petroli, naipuliza na kompresa, naifunga tena. Inakwenda.

MzeeWaDizeli
Mkuu KibaoNjia, naomba uache. Ndani ni karatasi. Ukiipuliza kwa kompresa unaitoboa vitundu usivyoviona, mafuta yanapita vizuri kwa sababu hayachujwi tena. Gari inakwenda leo, nozeli zinazopuliza mafuta kwenye injini zinakufa kesho. Filta ni spea ya bei ndogo ukilinganisha na pampu au nozeli.

Nyongeza kwa mwenye uzi: kuna wanaojaza dizeli kwenye filta mpya kabla ya kuifunga ili wasibonyeze sana. Sishauri, hasa kwa dizeli ya kidumu. Lile tundu la katikati ni njia ya kutokea, mafuta yaliyokwisha kuchujwa. Ukimimina pale umepeleka uchafu moja kwa moja kwenye pampu. Bonyeza tu, mkono utapumzika baadaye. Na nenda dukani na filta ya zamani mkononi, ulinganishe nyuzi na upana wa mpira.

NakuruVitz
Hamjambo. Mimi nina Vitz ya petroli, naweza kufuata hayahaya?

DadaSpana
Hapana ndugu yangu. Yako iko ndani ya tanki pamoja na pampu, inafikiwa chini ya kiti cha nyuma. Njia ya mafuta ina presha, na mvuke wa petroli unashika moto kwa cheche ndogo tu. Kwa mara ya kwanza ifanye na mtu anayeijua.

VitunguuMbuyuni
Wakuu nimerudi, Jumamosi saa tisa. Nimefuata yote. Chupa ina maji chini, vidole viwili, na juu yake matope ya kahawia. Filta mpya imeingia, nimebonyeza mpaka mkono umekufa ganzi, kitufe hakiwi kigumu. Selfu inazungusha, haiwaki. Dizeli inavuja taratibu shingoni. Kesho alfajiri nina mzigo.

MzeeWaDizeli
Acha selfu, utamaliza betri. Ivue filta, kisha pitisha kidole kwenye kichwa kilichobaki garini. Filta ya zamani uliyoitoa, ina mpira wake?

VitunguuMbuyuni
Mzee, haina! Mpira wa zamani umebaki juu umeganda, mweusi kama sehemu ya chuma. Nilikuwa nimekaza mpira juu ya mpira.

MzeeWaDizeli
Utoe kwa ukucha au mti, usikwaruze na bisibisi. Futa, funga upya, bonyeza. Kitufe kikiwa kigumu, subiri taa ya kupashia moto izime, piga selfu sekunde kumi, pumzika, rudia. Ikigoma, mtu apige selfu nawe ulegeze kidogo nati ya bomba kwenye nozeli mojamoja mpaka mafuta yatoke bila povu, uso na mikono mbali.

VitunguuMbuyuni
Imewaka selfu ya pili, nati sikuzigusa. Imetetemeka kidogo kisha ikatulia, na taa ya njano haipo. Mungu awabariki.

DadaSpana
Hongera kaka. Vidole viwili vya maji ni vingi, mengine yako kwenye tanki. Fungua nati ya chini ya tanki likiwa na mafuta kidogo, mwaga mpaka yatoke safi. Na beba filta ya akiba garini, maana hii mpya itapokea uchafu uliobaki.

VitunguuMbuyuni
Jumanne. Tanki nimemwaga: kutu, maji, na kipande cha mfuniko wa kidumu. Jana nimepanda Kitonga na magunia nane, gia ya tatu kwenye kona ambazo nilikuwa natambaa na ya kwanza, mpaka Ilula bila kusimama. Filta ya akiba iko nyuma ya kiti.